Enka iliteguka, eksirei ikatoka safi: mbona mguu bado unanikunjika?

*"Nina miaka 29, ni dereva wa bajaji hapa Morogoro, na wikiendi nacheza ndondo, namba tano. Wiki tatu zilizopita niliruka kupiga kichwa, nikatua juu ya mguu wa mwenzangu. Enka ya kulia ikajikunja kwa ndani, nikasikia 'ko!' Ilivimba palepale kama embe. Usiku ule mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Kesho yake nikapelekwa kwa mzee anayerudisha viungo, akanichua na kuuvuta mguu mara tatu, nililia. Siku ya nne nilikwenda hospitali, nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa hauna shida, nikapewa diclofenac na kuambiwa nipumzike. Sasa natembea, lakini jioni unavimba, kuchuchumaa chooni ni kazi, na mara mbili nikishuka ngazi umenikunjika bila sababu. Mwaka jana enka hii hii iliteguka, ikapona yenyewe. Kuna anayesema mfupa haujarudi vizuri, nirudi kwa mzee. Mwingine anasema nifanye MRI, mwingine anasema kuna sindano. Ligi ya mtaa inaanza baada ya wiki nne. Nifanye nini?"*

Pole sana, ndugu yangu. Nikiusoma vizuri ujumbe wako, naona kinachokuchanganya ni kwamba picha inasema mzima na mguu unasema mgonjwa. Vyote viwili vinasema kweli. Eksirei huona mfupa, na mfupa wako haukuonekana kuvunjika. Kilichochanika hakionekani kwenye eksirei hata mashine iwe mpya kiasi gani. "Mfupa hauna shida" si sawa na "huna shida", na bahati mbaya wagonjwa wengi huondoka hospitalini na sentensi hiyo moja tu mkononi.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya matatizo yako yametokana nalo. Tunasema mguu "umeteguka". Mtego ukiteguka umefyatuka, umeachia mahali pake. Kwa hiyo ukisema "nimeteguka", kila anayesikia anaelewa kwamba kuna kitu kimetoka na sharti kirudishwe. Kwenye enka, mara nyingi mno, hakuna kilichotoka. Enka iliyochomoka kweli huonekana kwa macho: wayo umekaa upande, ngozi imevutika, mtu hawezi hata kuugusa chini, na karibu kila mara kuna mfupa uliovunjika pamoja nayo. Wewe kesho yake ulikwenda kwa mzee na mguu wako ukiwa na umbo lake, umevimba tu. Hapakuwa na mfupa wa kurudisha siku ile, na wiki ya tatu hii haupo pia. Anayekuambia "haujarudi vizuri" anatafuta kitu ambacho hakikupotea.

Kilichoumia ni ligamenti, yaani mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Kifundo cha mguu kimejengwa hivi: mifupa miwili ya muundi inashuka na kutengeneza kama jiliwa la seremala, na katikati yake umebanwa mfupa mmoja wa wayo unaoitwa talasi. Vile vinundu viwili unavyovishika kushoto na kulia ndiyo mataya ya jiliwa. Talasi ni pana mbele na nyembamba nyuma. Ukikunja wayo kuelekea juu, sehemu pana inaingia ndani ya jiliwa na kiungo kinakaza. Ukielekeza vidole chini, kama unavyofanya ukiwa hewani unasubiri kutua, inaingia sehemu nyembamba na kiungo kinalegea. Wakati huo kinachokizuia kisipinduke ni ligamenti peke yake. Ndiyo maana wanaoruka kupiga vichwa, wacheza wavu na wa kikapu ndio wanaoumia hivi kila siku.

Upande wa nje ligamenti ni tatu. Ya mbele, inayotoka kwenye kinundu cha nje kwenda kwenye talasi, ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo hutangulia kuchanika. Nguvu ikizidi inafuata ya pili, ile inayoshuka kwenye mfupa wa kisigino. Ya tatu, ya nyuma, huchanika mara chache sana. Upande wa ndani kuna ligamenti moja pana na imara, na kinundu cha nje nacho kimeshuka chini zaidi kuliko cha ndani, kwa hiyo wayo haupinduki kwa nje kirahisi. Hizo ndizo sababu za wewe na karibu kila mtu kuumia kwa kukunja mguu kwa ndani. Ule mlio wa "ko" usikutishe. Wapo waliousikia na ligamenti ikawa imevutika tu, na wapo waliochanika kabisa kimyakimya. Kuvimba palepale kunaeleza zaidi: mishipa midogo ya damu ilipasuka, kwa hiyo nyuzi za ligamenti zilikatika, si kwamba zilivutika tu.

Madaktari hugawa jeraha hili madaraja matatu. La kwanza, nyuzi zimevutika na chache kuchanika. Mtu anachechemea siku kadhaa na wiki mbili zinatosha. La pili, ligamenti imechanika nusu. Hesabu wiki tatu hadi sita. La tatu imekatika kabisa, na hapo ni wiki sita hadi kumi na mbili, pengine zaidi. Kwa maelezo yako ningeweka dau kwenye daraja la pili, lakini la tatu siwezi kulitupa, hasa kwa kuwa enka hii ilishaumia mwaka jana. Hilo haliamuliwi kwa barua. Huamuliwa kwa mikono ya mtu aliyefundishwa, anayeshika muundi wako kwa mkono mmoja, kisigino kwa mwingine, akakivuta kisigino mbele na kulinganisha na enka ya kushoto.

Sasa jambo ambalo huenda hakuna aliyekueleza. Ligamenti si kamba tu. Ndani yake kuna ncha za neva zinazoutaarifu ubongo kila wakati wayo umekaa vipi: umeinama, umelala upande, umekanyaga jiwe. Ubongo ukipata taarifa hiyo unaiamuru misuli ya nje ya muundi ivute mguu kabla haujapinduka. Ligamenti ikichanika, hata neva hizo zinaumia, taarifa zinapungua na misuli inachelewa. Hapo ndipo unashuka ngazi, huna maumivu, unawaza nauli ya abiria, mguu unajikunja wenyewe. "Bila sababu" unayoisema ina sababu, na ni hiyo. Nina hakika kubwa kwamba "ikapona yenyewe" ya mwaka jana ilikuwa maumivu kuisha tu, uwezo wa kuhisi haukurudi, ukarudi uwanjani na enka isiyojua imekanyaga wapi. Takriban watu wanne kati ya kumi wanaoteguka enka kwa mara ya kwanza hubaki na matatizo ya namna hii baada ya mwaka mmoja. 

Ligamenti yenyewe inapona kwa hatua. Siku tano za mwanzo ni za kuvimba na kusafisha. Kisha hadi karibu wiki ya sita mwili unashona nyuzi mpya. Baada ya hapo unazipanga na kuzikaza, na kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima. Wewe uko katikati ya kushona. Nyuzi zako mpya sasa hivi ni kama katani iliyomwagwa sakafuni kabla ya kusokotwa kamba: zipo, lakini zimelala ovyo. Zinajipanga kwa kuvutwa, kidogo kidogo, kuelekea upande zinakotakiwa kufanyia kazi. Ukiulaza mguu wiki sita, utapata fungu la katani. Ukiupeleka kwenye mechi leo, unazikata upya.

Kuhusu yaliyokwisha kufanyika, nayasema kwa ajili ya mara nyingine na kwa ajili ya wasomaji ambao wameumia jana. Maji ya moto usiku uleule yaliongeza uvimbe, kwa sababu joto linapanua mishipa ambayo bado inavuja. Chumvi haina kazi kwenye ligamenti. Mama hana kosa, alifanya alichofundishwa na wakubwa zake, na leo hii, wiki ya tatu, akikukanda kwa maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi hakuna ubaya, kiungo kitalainika. Kuchua na kuvuta siku ya pili ni jambo zito zaidi. Kunazidisha damu kuvuja, na kama kungekuwa na ufa kwenye mfupa, mvuto ule ungeweza kuuachanisha. Mzee aombwe kingine. Kupapasa taratibu kutoka vidoleni kwenda juu ili uvimbe upungue ni sawa. Kuvuta na kunyonga hapana, hata sasa.

Aliyeumia leo afanye hivi. Aache kucheza hapohapo. "Nimalizie dakika kumi" ndiyo hugeuza daraja la kwanza kuwa la pili. Afunge bandeji inayovutika kuanzia karibu na vidole kupanda hadi juu ya kifundo, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, ikaze bila kufisha ganzi. Vidole vikiwa baridi au vya bluu, aifungue. Alale na mguu juu ya mito miwili mitatu, uwe juu ya usawa wa kifua. Barafu aizungushie kitambaa kibichi, dakika 10 hadi 15, kila baada ya saa mbili au tatu, siku mbili za mwanzo. Zile barafu za watoto za kufunga kwenye vifuko zinatosha kabisa, nne au tano. Asiiweke kwenye ngozi tupu, inaunguza. Barafu inatuliza maumivu, haiponyi. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeieneza kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alikiri kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza paracetamol gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Na kuanzia siku ya pili au ya tatu, kama anaweza, akanyage kwa msaada wa magongo, kisigino kwanza kisha vidole, hata hatua chache. Hogo (P.O.P.) la wiki nyingi halihitajiki kwa jeraha la namna hii. Kwa lile la daraja la tatu, kuutuliza mguu kwa siku zisizozidi kumi hutosha, kisha unaanza kazi.

Diclofenac yako, ile dawa ya maumivu, kama bado unameza, acha. Wiki ya tatu haikusaidii kitu, inakaa tumboni tu ikitafuta vidonda.

Kabla hatujaingia kwenye mazoezi, jipime ili tusifanye mazoezi juu ya mfupa uliovunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 walichapisha kanuni rahisi ya kuamua nani apigwe eksirei, na inatumika duniani kote. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kinundu cha nje, kutoka nchani kupanda sentimita 6. Fanya hivyo kwa kinundu cha ndani. Kisha bonyeza kile kinundu kilichoko katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulioko upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Maumivu makali kwenye mfupa wenyewe katika mojawapo ya sehemu hizo, au kushindwa kutembea hatua nne, ni sababu ya kupigwa picha. Wewe umeshapigwa siku ya nne. Lakini ufa mwembamba unaweza usionekane siku za mwanzo ukaonekana baadaye, kwa hiyo ukibonyeza sasa na mfupa ukauma kiasi cha kukurusha, rudi ukaombe picha nyingine. Ukiona maumivu yapo mbele ya kinundu cha nje, kwenye kishimo laini, hiyo ndiyo ligamenti, na ndivyo inavyotarajiwa.

Jaribu na jambo lingine: kamua muundi katikati, kama unayekamua chungwa, mfupa wa ndani na wa nje ikaribiane. Ukisikia maumivu chini, juu kidogo ya kifundo, huenda umeumia ligamenti zinazofunga ile mifupa miwili ya jiliwa. Hilo ni jeraha jingine, hupona polepole mara mbili, na programu ninayokupa hapa chini haikufai kabla hujaonwa.

MRI, basi, ile picha inayoonyesha hata ligamenti. Sikushauri kwa sasa. Inagharimu laki kadhaa, na ikikuonyesha "ligamenti ya mbele imechanika", ambalo tunalijua, matibabu ya wiki sita zijazo hayabadiliki hata kidogo. Itakuwa na maana ukifanya mazoezi sawasawa wiki sita hadi nane na bado kuna maumivu ya ndani kabisa ya kiungo, au kinakwama. Hapo tunatafuta gegedu la talasi lililobanduka, yaani lile tabaka laini linalofunika mfupa ndani ya kiungo. Sindano ndiyo nakukataza waziwazi. Ya stiroidi hupunguza maumivu na kulegeza nyuzi hizohizo unazojaribu kukaza, na ya ganzi ya kukuwezesha kucheza inakunyang'anya kengele pekee iliyobaki kwenye mguu huo.

Kazi yenyewe sasa. Chukua kalamu uandike namba zako za leo, mguu wa kushoto na wa kulia.

Namba ya kwanza: vua viatu, simama ukitazama ukuta, kidole gumba kikiwa sentimita 5 kutoka ukutani. Kunja goti mpaka liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke. Ukiweza rudi nyuma sentimita moja moja hadi ushindwe. Watu wengi wazima wanafika sentimita 10 hivi. Natarajia kulia kwako kutakuwa kumepungukiwa sana, na hiyo ndiyo shida yako ya chooni, kwa sababu kuchuchumaa ni zoezi hilohilo la kukunja wayo juu. Namba ya pili: simama mguu mmoja, nyanyua kisigino juu kabisa na kushusha, hesabu ni mara ngapi. Namba ya tatu: simama mguu mmoja, mikono kiunoni, hesabu sekunde hadi utikisike na kugusa chini.

Kurudisha mkunjo, zoezi ni kipimo chenyewe cha ukutani: goti mbele, shikilia sekunde 3, rudi, mara 15, seti 3, asubuhi na jioni. Goti lielekee kidole cha pili, lisianguke kwa ndani. Ukihisi kuvutika nyuma, kwenye kano ya kisigino, ni sawa. Ukihisi kubanwa mbele ya kifundo, sogea karibu na ukuta.

Kwa nguvu, tafuta mpira ule wa tyubu wanaofungia mizigo kwenye baiskeli, mita moja na nusu. Funga ncha kwenye mguu wa meza nzito, kaa chini, mguu umenyooka, tanzi la mpira kwenye wayo. Vuta wayo kuelekea nje kwa kuhesabu mbili, urudishe kwa kuhesabu nne. Kule kurudi polepole ndiko kunakofundisha misuli ya nje kuzuia mguu usipinduke, na ndiko watu wanakokuruka. Mara 15, seti 3, siku moja ndiyo moja hapana. Kosa la kawaida ni kuzungusha goti au nyonga badala ya kifundo. Shika goti kwa mkono likae. Kisha visigino: nyanyua vyote viwili mara 15, seti 3. Ukizimaliza bila shida siku tatu mfululizo, nyanyua kwa miguu miwili na ushuke kwa mmoja, halafu mmoja peke yake. Lengo ni mara 25, sawa na wa kushoto.

Mizani ndiyo dawa yenyewe, na kama utaacha chochote katika barua hii usiache hii. Simama mguu wa kulia peku kwenye sakafu ngumu, sekunde 30, mara 5. Ikikuwia rahisi, fanya ukipiga mswaki, hivyo unapata zoezi mara mbili kila siku bila kutenga muda. Ikikuwia rahisi tena, fumba macho, na simama karibu na ukuta maana utashangaa. Baada ya hapo simama juu ya mto au godoro lililokunjwa, kisha juu ya mto huku ukirusha mpira ukutani na kuudaka. Uholanzi walifanya utafiti kwa wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka enka, ukachapishwa mwaka 2009. Nusu walipewa mazoezi ya mizani ya nyumbani, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, juu ya matibabu yao ya kawaida. Ndani ya mwaka walioteguka tena walikuwa 22 kwa mia, na wasiofanya walikuwa 33 kwa mia. Hakuna kidonge kwenye jambo hili chenye rekodi hiyo.

Utajuaje umezidisha? Maumivu wakati wa zoezi yasipite 3 katika kipimo cha 10, na asubuhi inayofuata enka isiwe imevimba au kukakamaa kuliko jana. Ikiwa imezidi, usiache. Punguza nusu kwa siku mbili. Uvimbe mdogo wa jioni baada ya siku nzima kwenye bajaji utakuwepo wiki kadhaa, haimaanishi unaharibika.

Na bajaji yenyewe: breki ya mguu iko kulia, upande ulioumia. Kabla ya kubeba abiria tena, ukiwa umeegesha, kanyaga breki kwa nguvu zote ghafla mara 10. Ukisita hata mara moja kwa maumivu, hauko tayari, na wa nyuma yako hajui kwamba umeteguka. Kandambili ziweke pembeni hadi wiki ya nane, vaa kiatu cha kamba kinachoshika kisigino. Kama unaswali, kile kikao cha tahiyatu, ukiulaza wayo wa kulia chini ya makalio, kinaivuta ligamenti ya mbele hasa ile iliyochanika. Swali kwenye kiti au nyoosha mguu huo hadi uweze kukaa bila maumivu.

Ile soksi ya enka inayouzwa barabarani inatia joto na kukukumbusha uwe mwangalifu, basi. Haizuii mguu kupinduka. Inayozuia ni sapoti ya kufunga kwa kamba kama kiatu, au plasta ngumu nyeupe ya kubandika, iliyofungwa na mtu anayejua, ingawa plasta hulegea ukishaanza kutoka jasho. Vaa sapoti ya kamba kila mazoezi ya uwanjani na mechi kwa miezi 6 hadi 12. Nyumbani na kazini ivue, misuli ifanye kazi. Hofu kwamba itadhoofisha mguu haina msingi ukiendelea na mazoezi.

Kukimbia: ukitembea nusu saa kwa haraka bila kuchechemea na kunyanyua kisigino cha kulia peke yake mara 15, anza kukimbia dakika moja, kutembea dakika moja, mara 10, kwenye ardhi tambarare, mstari ulionyooka. Wiki inayofuata ongeza kona pana, kisha namba nane, kisha zigizaga, kisha kuruka kwa mguu mmoja mbele na pembeni. Mpira na watu unakuja mwisho.

Ligi, basi. Wiki nne kutoka leo ni wiki ya saba tangu uumie. Inawezekana, lakini tarehe haina mamlaka hapa, namba ndizo zenye mamlaka. Kipimo cha ukutani kitofautiane kwa chini ya sentimita 2. Visigino 25 kwa 25. Sekunde 30 macho yamefumbwa. Ruka mbele kwa mguu mmoja, pima umbali, wa kulia ufikie angalau asilimia 90 ya wa kushoto. Zigizaga kwa kasi yako yote bila kuogopa. Kisha mazoezi mawili kamili na timu, pamoja na kupiga vichwa, bila kuvimba kesho yake. Ukikosa moja kati ya hayo, mwambie kocha uingie raundi ya pili. Na kama mguu unaendelea kujikunja ngazini wiki mbili kutoka leo, ligi hii iache tu.

Nenda hospitali usisubiri ikiwa wayo unakufa ganzi au unakuwa baridi. Ikiwa shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, maana linaweza kuwa damu iliyoganda. Ikiwa una homa na ngozi imekuwa nyekundu. Au ikiwa kitu kinaruka kama kamba nyuma ya kinundu cha nje kila ukizungusha mguu. Mwenye kisukari ambaye wayo umevimba na kupata joto bila maumivu makubwa aende siku hiyohiyo. Na mtoto ambaye bado anakua, maumivu yakiwa kwenye mfupa, asiitwe "kateguka tu": kwa umri huo sehemu ya mfupa inayokua inaweza kupasuka. Upasuaji upo, wa kushona na kukaza ligamenti, uliobuniwa na Msweden Lennart Broström miaka ya 1960, lakini huo ni kwa enka inayoendelea kukunjika baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli. Hujafika huko.

Hata kama mambo yanakwenda vizuri, ndani ya wiki hii nenda mara moja kwenye idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Waombe wapime ulegevu wa enka zote mbili na wakuangalie unavyofanya zoezi la mpira na la mizani, maana kosa la goti mtu halioni mwenyewe. Beba picha ya eksirei, njumu unazochezea, na ile karatasi ya namba tatu ulizoandika leo.